Awamu ya Tano

Januari, Vale de Urzes, kaskazini ya Ureno.
Begini nina mizani, futi ya chuma, saa ya sekunde,
na kile kidude cha kupimia nguvu ya kiganja.
Nina orodha pia: majina mia tatu na kumi na mawili
yaliyochapwa miaka kumi na miwili iliyopita
wenyewe wote wakiwa hai.

Nyumba ya kwanza, kufuli limeota kutu.
Jirani anachomoza kichwa dirishani:
"Huyo? Tangu Pasaka."
Naandika tisa.
Tisa ni aliyekufa. Nane ni aliyehama,
kamfuata binti yake Lyon au Luksemburgi.
Saba ni aliyekataa.
Hakuna namba ya yule aliyesimama nyuma ya pazia
akanitazama mpaka nikaondoka.

Dona Zulmira, tisini na mmoja, amevaa hereni kwa ajili yangu.
Inuka kitini mara tano, bila kushika kitu.
Mara ya tatu goti linalia kama bawaba,
sote wawili tunajifanya hatukusikia.
Sekunde kumi na tisa nukta nne.
Tembea mita nne, mwendo wako wa kila siku.
Anatembea kama aliyebeba bakuli la supu.
Kisha namsomea maneno kumi, taratibu,
tunazungumza habari za baridi,
na dakika tano zikipita namuuliza: umebaki na yapi?

Anafumba macho.
"Kinu. Shati. Daraja. Chumvi. Farasi..."
Hata moja halimo.
Kalamu imeshaielekea sifuri
ndipo mwili unaponisisimka:
hiyo ni orodha ya awamu ya kwanza.
Anaimaliza, yote kumi, bila kuruka.
"Nilikuwa nayarudia nikikamua mbuzi," anasema.
"Nilidhani mtayauliza tena."

Fomu ina kisanduku kimoja tu.
Naandika sifuri.
Pembezoni mwa karatasi, kompyuta isikosoma,
naandika: kinu, shati, daraja.

Baada ya awamu ya nne, ofisini Porto, tulishangilia.
Mstari wa grafu ulikuwa umepanda:
viganja vya kijiji hiki vinabana kuliko zamani!
Tulitaja maji ya mlimani, tukataja kabichi, mafuta ya zeituni.
Daktari Benilde alivua miwani, akaipangusa kwa shali.
"Hakuna aliyeongeza nguvu," alisema.
"Wanyonge wametutoka.
Mmepepeta ungo miaka tisa,
sasa mnazisifu punje zilizobaki kwa uzito wake."
Hakuna aliyegusa keki.

Alípio Sarmento, themanini na nne, hafungui mlango wote.
"Mara iliyopita uliniuliza kama nina mtu wa kuzungumza naye.
Nikasema sina.
Ukaandika. Ukanishukuru. Ukashuka mlima."
Anaufunga pole pole, na hilo ndilo linaloniuma.
Saba.

Usiku, chumba cha kukodi, nasoma takwimu zetu wenyewe:
upweke huua, tumeuthibitisha,
tumeondoa athari ya umri, ya sigara, ya shinikizo la damu,
na bado unaua, katikati ya vipindi vyetu vya uhakika.
Tumeuthibitisha kwa watu walewale
tuliowaaga mlangoni.

Jumamosi nampandia mikono mitupu.
"Leo unapima nini?"
"Leo sikubeba kitu."
Ananitazama viatu, kwa muda mrefu.
"Basi shika upande ule wa msumeno."
Tunakata mwaloni, yeye anavuta, mimi navuta,
ananikemea kwamba nasukuma.
Ananisimulia juu ya mkewe, juu ya punda aliyeogopa daraja,
kisha tena juu ya mkewe.
Kiganja chake kina kilo ngapi sijui.
Changu kimetoka malengelenge.

Kanuni ziko wazi: mpimaji asimguse anayempima.
Nimeiharibu data.
Awamu ya sita, akikubali kufungua,
swali la kumi na saba litamkuta amebadilika,
na Porto watatafuta sababu
kwenye kabichi.