Zamu ya Maji

Jembe lilimkata kisigino akizibua falaji.
Akakifunga kwa kitambaa kile kile
anachozibia mlango wa maji wa kina Zahran,
akaendelea. Siku ya tatu, Birkat al-Mawz
ikichemka kwa nyuzi arubaini na nne,
akaomba blanketi.

Baba yangu, Muhenna, ni mgawa maji.
Miaka thelathini na moja amesoma kivuli
cha mti uliosimikwa uwanjani, na usiku nyota,
akasema: zamu yako imekwisha, ziba.
Hakuna aliyembishia
ila Bi Shinuna, mara moja,
na Bi Shinuna alikuwa na haki.

Leo hakuna mgawaji ndani yake.

Mimi ni mtu wa maabara, ghorofa ya chini,
hapa hapa hospitali ya Nizwa.
Jina lao nililikariri kwa mtihani: akwaporini.
Vijilango kwenye ngozi ya seli,
vyembamba hata maji hupita chembe moja moja
kama mbuzi wa mnada wa Ijumaa uchochoroni,
na asidi ikibisha hodi, haifunguliwi.

Sumu ya vijidudu ikishaenea damuni
amri huchafuka. Vya figo hupungua, hujificha.
Vya mapafu havijui tena lini pa kuziba.
Hata chembe nyeupe huvitumia:
huvuta maji upande wa mbele, zikatuna,
zikajisukuma vitani,
na vita vikawa vikubwa kuliko adui.
Kuta za mishipa zinavuja.
Shamba la juu ukame, la chini mafuriko,
na maji ni yale yale.

Dakta Wadhha anasema ongeza dripu.
Baada ya saa mbili anasema punguza.
Simlaumu.

Baba anaweweseka kwa Kiswahili cha Wete,
alichokiweka kabatini tangu aje huku kijana:
"Zibeni! Nani kafungua huko chini?
Maji yanapotea, zibeni!"
Muuguzi, binti wa Kerala, ananigeukia:
anasemaje?
Namjibu: anauliza saa.

Kando ya kitanda unaning'inia mfuko wa mkojo
wenye mistari ya kupimia.
Saa nane usiku: kumi na mbili.
Saa tisa: kumi na mbili.
Saa kumi: tisa.
Nausoma alivyonifundisha kusoma kivuli,
nikiwa na miaka saba, nimevaa ndara zake:
usikisogelee sana,
usije ukakifunika kwa chako.

Kijijini sasa hivi nani anagawa?
Sijauliza.

Saa kumi na moja: kumi na tisa.
Nachukua kalamu,
naandika ishirini.
Nafuta.
Naandika kumi na tisa.