Chekeche

Jiwe lilitoka kwenye lori la kokoto
karibu na Kakoneni, mwezi wa saba, kipupwe kimekaza.
Ta! Taa ya kushoto ikapasuka.
Nikaingia Malindi na gari chongo.

Ngumbao fundi aliupapasa ufa kwa kidole gumba,
akanitajia bei. Nikacheka.
Akanitajia tena, polepole,
kama anayempa mgonjwa majibu.

Nililipa.
Kisha nikaiba chekeche la mama.

Nililikata kwa mkasi wa bati,
nikatoboa pembe, nikalifunga kwa waya juu ya kioo kipya.
La taa ya kulia nililinunua sokoni;
kuiba mara mbili nyumba moja ni utovu wa adabu.

Usiku, njia ya Langobaya ina baridi ya kuvaa sweta.
Mwanga ulitoka umechekechwa,
miraba midogo, laini,
ikidondoka vumbini kama unga wa mahamri.
Sikuona mbali. Nikapunguza mwendo.
(Huenda ni huo mwendo ulionikinga, si waya.)
Lori likanipita, changarawe zikaruka:
tiki, tiki, tikitiki,
zikabaki nje
na pumba zenzake.

Mama aliuliza chekeche lake siku tisa.
Ya kumi, alfajiri, nikiwasha gari,
alipita mbele ya taa na ndoo ya maji.
Akasimama.
Akaitazama leso yake, imejaa miraba.
Akainama, akagusa waya, akaujua.

“Lachuja vizuri,” akasema,
akaenda zake.

Mahamri siku hiyo yalikuwa na mawe.
Nilitafuna kimya.