Bomba la Kurudi

Hii Land Cruiser ya Nandonde haikuzaliwa na turbo.
Ilizaliwa na mapafu ya kawaida, ikazeeka nayo,
ikipandisha saruji Newala kwa gia ya kwanza,
ikishusha korosho Masasi kwa breki na dua,
na kila kona inakohoa
kama mtu aliyepulizia salfa bila kitambaa puani.

Turbo ameinunua Dar, ya mtumba, imefungwa kwa gazeti.
Nimezungusha feni kwa kidole. Haina neno. Shafti haichezi.
"Fundi, ukiifunga leo, kesho naondoka?"
Kufunga ni bolti nne, namwambia.
Kuilisha ndiyo kazi.

Bomba la kulisha ni jembamba.
Nimelianzisha pale ilipokaa swichi ya presha ya oili,
nikaweka kiungo cha njia tatu na washa mpya za shaba
(za zamani nimezirusha juu ya bati,
Esha asije akazionea huruma),
nikalipitisha mbali na ekzosi, nikalibana lisitetemeke.
Hilo halinisumbui. Pampu inasukuma, oili inapanda.
Ungelipinda hata mara tatu, ingepanda.

Ni hili la kurudi.
Nene kama kidole gumba, na halina wa kulisukuma.
Oili ikitoka kwenye beringi imechoka,
ina joto, ina povu,
inataka kushuka tu.

Mwaka juzi, gari la mtu wa Mangaka:
hosi ilikuwa ndefu, nikaona hasara kuikata,
nikaiacha ilegee, ishuke, kisha ipande kidogo kuingia karta.
Kidogo. Vidole viwili.
Siku ya tatu jamaa alirudi na moshi wa buluu
hadi mama wa chapati akafunika unga wake.
Oili ilituama kwenye tumbo lile,
ikajaa, ikatafuta mlango mwingine.
Vidole viwili.

Mimi ni wa Newala, wa juu,
enzi maji yalipokuwa chini.
Alfajiri tulishuka na ndoo tupu tukipiga soga,
tukapanda tumenyamaza.
Siku moja iliniponyoka mlangoni kabisa,
mama ameshanyoosha mikono kunitua.
Maji hayakuuliza njia.
Yalishika ule ule mteremko tulioupanda asubuhi nzima
na mimi nikayafuata nikilia, kana kwamba yangenisubiri.

Leo nimelala chali chini ya injini
nautafuta mteremko ule.

Esha alitaka tutoboe karta hapohapo ilipo:
tupake grisi ncha ya drili, vyuma vitanasa.
Vingi vitanasa, nikasema.
Kile kimoja kitakwenda kulala kwenye beringi.
Tumeishusha. Tumetoboa juu ya usawa wa oili,
kwa sababu oili ikikuta oili mlangoni
hakuna atakayempisha mwenzake.
Hosi nimeikata. Safari hii sikuonea huruma hata nchi moja.

Kabla ya kuibana klipu ya chini
nimeinywesha turbo kwa bomba la sindano,
nimechomoa waya wa dizeli injini isiwake,
Esha ameshika kikombe cha chai mdomoni mwa hosi.
Piga stata.
Hamna kitu.
Pumzisha betri. Piga tena.
Nandonde ameacha kutafuna muwa.
Tena.
Halafu tone. Halafu uzi mweusi, mwembamba, usiokatika,
na Esha akapiga kelele, "Inarudi!"
kama aliyemwona mtu akishuka basi la jana.

Ukifika juu, namwambia Nandonde, usizime hapohapo.
Iache iunguruma taratibu dakika mbili, feni itulie
wakati oili bado inapita.
Ameitikia. Amesifia kazi. Ameingia ndani, akapapasa mifuko.
Pesa, anasema, baada ya mnada wa pili.

Nimetazama mfuko wake, nikatazama wangu,
nikapima kwa jicho.
Tambarare tupu.

Nimeuchomoa ufunguo.