Saa Sita Juu

Ililetwa ikivutwa, Januari, Thunder Bay,
nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri,
Honda ya kijivu yenye mlango mmoja mwekundu
uliotoka kwenye gari jingine, marehemu.
Bi Aulikki Rantanen akashuka kwenye lori
bado amevaa ndara za ndani.
"Jana ilitembea," akasema,
kama wasemavyo watu kwenye korido za hospitali.

Nikageuza ufunguo mara moja tu.
Injini yenye afya hulalamika ikiamshwa,
nguu, nguu, kama mtu aliyevutwa shuka.
Hii ilizunguka nyepesi, haina mzigo,
cherehani isiyo na kitambaa,
ikapiga chafya kwenye bomba la hewa,
kimya.

Plagi zinatoa cheche. Petroli inafika.
Lakini cheche na petroli zilikuwa wageni wawili
wa karamu moja, kila mmoja amekuja siku yake.

Nikaibeba injini kwa jeki, nikafungua mkono wake,
nikavua kifuniko cha plastiki.
Mkanda ulikuwapo. Haukukatika.
Ulikuwa umeruka meno matatu,
na ukingo wake umechanika nyuzinyuzi kama kamba ya katani.
Wahenga walisema meno ya mbwa hayaumani.
Hawakuwahi kuona valvu ikikutana na pistoni
ndani ya nyumba yao wenyewe.

Nikaishika pampu ya maji, nikaizungusha kwa vidole.
Ikakwaruza. Barafu.
"Uliongeza nini kwenye rejeta?"
Akatazama sakafu.
"Maji. Ya bomba. Novemba.
Mambo hayo alikuwa akiyashughulikia Risto."

Sikuuliza Risto yuko wapi.
Niliutazama ule mlango mwekundu:
kila bolti na washa yake, bawaba zimepakwa grisi.
Aliyeufunga hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Darlene, mwenye gereji, akapita na kikombe chake.
"Alama ya krenki, saa kumi na mbili," akasema,
nami, mwaka wa sita hapa, bado mkono ukasita.
Kwetu pale juu ni saa sita.
Mshale uko palepale, jina ndilo lililohama.
Naambiwa saba, nasikia moja,
najumlisha, natoa, nafika kazini kwa wakati
bila kujua ni wakati wa nani.
Chuma hakina habari. Nukta kwa nukta, basi.

Pampu mpya, mkanda mpya, kikaza mkanda kipya,
kwani kuvaa shati jipya bila kuoga ni kujidanganya.
Krenki huzunguka mara mbili, kemshafti mara moja,
na hakuna anayemwita mwenzake mvivu.
Kisha ile sehemu ambayo vijana huiruka:
unazungusha kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili,
ukisikiliza kwa kiganja,
na ukigusa ukuta, unasimama.
Sikugusa ukuta. Nukta zikarudi kwao.

Nikapima mgandamizo.
Moja, mbili na nne: sawa.
Ya tatu ilikuwa nyuma ya ndugu zake kwa thelathini.
Si mgonjwa. Si mzima.
Nikapima tena nikitumaini geji ni mwongo.
Geji ilikuwa mkweli.

Ikawaka, ikanguruma, tukanyamaza sote,
hata Darlene akashusha kikombe.
Bi Aulikki hakucheka wala hakulia,
alifungua na kufunga mlango mwekundu, mara moja,
kuhakikisha.

Kwenye risiti niliandika: silinda ya tatu, irudishwe Aprili.
"Tarehe mbili," akasema. "Saa ngapi?"
"Saa nne," nikajibu,
kisha nikaongeza sita:
"Samahani. Kumi."