Rudia Hesabu

Mwalimu Zuura alikuwa na koti moja,
kauka nikuvae, la sufu ya kondoo,
na mifukoni chaki zilisagika
hata akijipangusa tulidhani theluji imeingia ndani.

Shule yetu: vyumba viwili juu ya mto Narini.
Jiko katikati. Kila mtoto na bonge lake la samadi kavu
alilolibeba kwapani toka nyumbani,
na asiye na bonge aliketi dirishani.
Mwalimu aliketi dirishani mwaka mzima
ingawa bonge lake ndilo lililotangulia kuwaka.

Nilikuwa na miaka kumi aliponikosesha.
Desimali, swali la saba: mkwaju mwekundu,
na pembeni, kwa mwandiko ule wenye mkia,
*Rudia hesabu.*
Nilirudia. Nikapata lile lile.
Nikarudisha daftari, nikanyamaza;
mwalimu ni mwalimu.

Usiku mbwa wakabweka. Baba akatoka na taa.
Ni yeye, juu ya farasi wa jirani,
kope zimeganda,
kilomita tisa za theluji ya magotini,
daftari langu kifuani kama mtoto mchanga.
“Ermek, ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea.”
Hata chai hakunywa.
Baba alicheka juma zima:
mtu mzima kupanda mlima usiku kwa sababu ya nukta!
Mimi sikucheka.

Walipompeleka bungeni tulichinja kondoo wawili.
Miaka sita baadaye redio ikamtaja: Waziri wa Elimu.
Mama aliipangusa redio kwa upindo wa gauni
kana kwamba ndiyo iliyotoka jasho.
Wakasema sasa ana gari jeusi.
Wakasema ana meno mapya.
Wakasema kikao cha kwanza
alimsimamisha waziri wa fedha, aende ubaoni.
Hili la mwisho niliamini.

Mimi wakati huo nilikuwa kwenye kigoda chake,
jiko lile lile, dirisha lile lile,
na makaa ya serikali yanayofika Aprili.

Barua ilikuja Februari.
Shule zenye watoto pungufu ya thelathini zifungwe.
Sisi, ishirini na saba.
Chini, saini: herufi ya mwisho ikipinda
kama mkia wa panya anayeingia tunduni.

Nilitwaa kalamu nyekundu.
Mkono ulitetemeka, sisemi uongo.
Nikaandika kando ya muhuri wa taifa:
*Rudia hesabu.*
Nikairudisha ilikotoka.

Wiki ya tano, jibu.
Si karatasi ya ofisi. Ukurasa wa daftari, wa miraba,
umejaa tarakimu pande zote mbili:
paa, makaa, mishahara, mafuta ya basi, daraja la mbao;
amejumlisha, amekata, amejumlisha tena,
na pale wino ulipovuja ameandika upya juu yake.
Mwisho kabisa:
*Nimerudia mara tatu, Ermek.
Jibu ni lile lile.
Na mimi silipendi.*

Niliuchukia ukurasa ule.
Bado ninao.

Tulifunga mlango Juni. Ubao ulipasuka tukiuteremsha.
Mwaka uliofuata serikali ilianguka,
na yeye akarudi kwa lori la mizigo,
kati ya magunia ya viazi,
bila gari jeusi. Meno, ni yale yale ya zamani.

Sasa ni alfajiri, baridi ya kukata pua.
Njia panda, kabla ya basi la kijiji cha pili,
mwanamke mfupi anashika tochi kwa meno hayo
akisahihisha kazi za nyumbani
juu ya mgongo wa mtoto aliyeinama.
Hatuzungumzi sana. Mimi pia napanda basi hilo,
huko ndiko ninakofundisha.
Mlangoni anahesabu vichwa, kwa kidole, bila haraka:
ishirini na tano,
ishirini na sita.
Anatazama juu, upande wa mlima.
Anaanza upya toka mmoja.

Dereva anapiga honi.
Hasikii.
Ameshapanda farasi wa jirani.