Nusu Milimita

Alhamisi, Kaunas, theluji inafika chini ikiwa maji.
Nimefunga karakana mapema, plasta ingali kwenye kucha,
nimeketi safu ya nane nyuma ya mtu asiyevua kofia.
Mchoraji, Skirmantė Gelžinytė, anaongea na viatu vyake.
Sweta limetoboka kiwikoni. Nimempenda kwa hilo.

Macho ni rahisi, anasema,
kila mtu huniletea macho yaliyokwisha kuvishwa.
Mdomo huja mwisho.
Nangoja mtu achoke kuwa yeye,
aishiwe na wajukuu, aishiwe na bei ya kuni,
na mdomo ukisahau kwamba unatazamwa
ndipo nachovya brashi.

Kijana anauliza habari za soko. Bibi mmoja anauliza habari za Mungu.
Mimi swali langu ni la ufizi:
rangi ile, katikati ya waridi na ini, huipataje?
Nalikunja kama tikiti, nalitia mfukoni.

Miaka thelathini na mmoja nawatengenezea watu meno
na sura zao sizijui.
Huletewa taya ya plasta, na jina kwenye karatasi.
Wachache hushuka ngazi kunitafuta.

Ghorofani, watu ishirini na wawili ukutani,
hakuna hata mmoja anayecheka.
Wa kumi na nne: Zigmantas Urbelis, mfuga nyuki.
Kiti cha jikoni. Mikono mapajani kama glavu alizosahau mtu.
Midomo imefungwa,
ila pembeni, kushoto, mdomo wa juu umeinuka kidogo,
kitambaa kilichotandikwa juu ya punje.

Naijua punje hiyo.
Ni yangu.
Januari ile mama alikuwa hospitali,
nikaacha nusu milimita bila kuipiga tupa.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
nilikichonga mimi, akakilalia yeye,
naye alishuka ngazi zote zile na chupa ya asali
kuniambia, *yamekaa sawasawa, bibie, sawasawa kabisa.*

"Rudi nyuma, mama, kengele italia."
Mlinzi. Kumbe kidole gumba changu kiko hewani,
shibri moja kutoka shavuni mwake,
kinatafuta pa kusugua.

Kibandiko kinasema mafuta juu ya kitani, kinataja mwaka.
Hakisemi kama yu hai.

Chini kuna foleni, mchoraji anatia sahihi.
Zamu yangu ikafika, nikasema tu: mdomo wa Urbelis.
Akaacha kalamu.
"Ule ulinisumbua wiki tatu," akasema.
"Nilidhani kuna neno ananificha."

Nilimeza mate. Nilisema asante.
Nikatoa namba ya koti, nikapewa koti.

Ndani ya basi la umeme ulimi wangu unapita,
jino baada ya jino, kama mkaguzi.
Namba yake ya simu imo kwenye daftari la kijani,
kama bado ni yake.

Asali ile niliimaliza kabla ya Pasaka.