Dakika Kumi

Sosorbaram amelileta likiburutwa na lori la makaa,
asubuhi ya Ulan Bator ambayo mate huganda
kabla hayajaifikia theluji.
Gari la Kijapani, mkono wa tatu, usukani kulia
katika nchi iendeshayo kulia:
kila akitaka kulipita basi
humwuliza mwanawe kama njia ni nyeupe.

"Inveta imekufa," anasema. "Karakana mbili zimeapa.
Milioni mbili, au niliuze vipandevipande."
Namjibu: maiti hapigi kelele.
Hili limekuwashia pembetatu nyekundu, likazima,
likapoa, likaenda kilomita tano, likawasha tena.
Huyo ni mgonjwa anayejieleza.

Nachomeka kisomeo. Kinasema joto.
Joto!
Nje ni thelathini na nne chini ya sifuri,
chai yangu ya chumvi imeota ngozi ya barafu dirishani,
boneti limevishwa blanketi la sufi kama mtoto mchanga,
na hiki kisanduku cha aluminiamu, si kikubwa kuliko mkate wa familia,
kinadai kinaungua.

Haya, twende polepole.
Nafungua kifuniko cha tangi dogo la kupoozea.
Maji tuli. Hayazunguki, hayatikisiki,
yananitazama kama jicho la samaki wa juzi.
Pampu, basi? Naigusa. Inatetemeka kiganjani.
Fyuzi nzima. Mita inasoma volti kumi na mbili na ushei.
Moyo unapiga, damu imesimama:
miaka kumi na tisa ya grisi, na hili bado hunisumbua.

Kabla sijaupeleka mkono karibu na nyaya za rangi ya chungwa
nakwenda nyuma, nafunua zulia la buti,
naing'oa plagi ya usalama, naitia mfukoni mwangu.
Mfukoni mwangu, si kwenye kiti.
Namjua fundi aliyeiacha kwenye kiti;
mtu mwema akamrudishia.
Leo anahesabu mpaka saba, vidole vimekwisha.

Sasa tunangoja dakika kumi.
Umeme hauondoki kwa kufukuzwa,
hubaki ndani ya kapasita
kama mgeni aliyekwisha kuaga
akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa,
akianza hadithi nyingine.

Sosorbaram anahesabu noti ambazo hana.
Mimi nafuta miwani.
Kijana, Tuguldur, miaka kumi na moja, koti la dadake,
anakisugua kidole cha kiatu sakafuni,
na dakika ya nne, bila kuulizwa:
"Maji niliyatia mimi."

Baba anageuka.
"Yapi?"
"Ya kioskini. Wakati wa shule kufunguliwa. Tangi lilikuwa limepungua.
Ulisema kitu kikipungua kijazwe."

Hakuna anayesema neno.
Nachuchumaa, nailala sakafu,
naukamata mpira wa chini kabisa, ule wa rejeta,
mbali na chungwa lolote.
Naubana.
Unakatika ndani: krrp, krrp,
kama buti kwenye theluji ya usiku.

Kumbe.
Maji matupu ya Septemba yamefika Januari,
yamesimama kwenye mshipa, yamekuwa jiwe,
na juu yake kisanduku kinapikika chenyewe.
Dawa ya moto, huku kwetu,
si maji.

Nasogeza hita chini ya bampa. Naweka beseni.
"Si milioni mbili," nasema. "Lita nne za kipozeo cha kweli,
na siku yangu moja, ambayo utailipa."
Sosorbaram hacheki. Hamgusi mwanawe, wala hamgombezi,
ila amelivua lile blanketi la boneti
na kulishika mikononi,
kama mtu asiyejua amfunike nani.

Tone la kwanza linaanguka besenini, la buluu hafifu.
Plagi mfukoni imeshika joto la paja langu.
Nasema, msiguse kitu.
Bado dakika mbili.